Nilisoma Tu Kule

Kuna sentensi moja niliyoitamka mwaka 2017 ambayo mpaka leo inanisuta. Ilikuwa siku chache baada ya tarehe 13 Aprili, siku ambayo askari polisi wanane waliuawa kwa kuviziwa wilayani Kibiti. Kabla ya siku hiyo, na kwa miezi kadhaa baada yake, wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, makada wa chama tawala na raia wa kawaida waliuawa katika eneo ambalo magazeti yalianza kuliita MKIRU, yaani Mkuranga, Kibiti na Rufiji. Tulikuwa wahadhiri watano au sita, tunasubiri kikao kianze. Mwenzetu mmoja akanigeukia na kuniuliza, kwa utani uliochanganyika na hofu: "Daktari, hebu tueleze, ninyi watu wa Kibiti mna nini?"

Hakukosea kuniuliza mimi. Kwa karibu miaka ishirini nilikuwa nikijitangaza hivyo. Harusini, msibani na katika safari za kikazi, kila nilipokutana na mtu aliyepita Shule ya Sekondari Kibiti tulikumbatiana kama watoto wa tumbo moja. Simu yangu ilikuwa na kundi la WhatsApp lenye jina la mji huo. Lakini siku ile nilijibu upesi, kabla hata sijafikiri: "Mimi si mtu wa Kibiti, bwana. Nilisoma tu kule."

Wenzangu walicheka, kikao kikaanza, na hakuna aliyelikumbuka tena jambo hilo isipokuwa mimi. Ninaandika leo kwa ajili ya hilo neno dogo "tu".

Nilifika Kibiti mwaka 1999 kujiunga na kidato cha tano, nikitokea Mufindi, ambako asubuhi za Julai mtu huongea huku mvuke ukimtoka kinywani. Nilishuka kwenye basi barabara ya Kilwa nikiwa nimevaa sweta, na wauza korosho wa stendi walinicheka waziwazi. Sikuwa na ndugu hata mmoja kuanzia Mkuranga hadi mto Rufiji. Kilichonipeleka pale ni orodha ya Wizara.

Vijana wa leo huenda wasielewe uzito wa orodha ile. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, iliyoziweka chini ya Serikali shule nyingi za mashirika ya dini na za watu binafsi, nafasi za sekondari ziligawanywa kitaifa. Mtoto wa Bukoba alipelekwa Mtwara, wa Tanga akapelekwa Tabora, wa Mufindi akaenda pwani. Lengo halikuwa masomo peke yake. Taifa changa lilitaka kijana alale kitanda cha juu huku cha chini kimelaliwa na mtu wa kabila ambalo hajawahi kulisikia likizungumzwa. Wengi wetu tuliowashangaa Wanyarwanda na Warundi katika miaka ya tisini tulisahau kwamba utulivu wetu ulikuwa na gharama, na sehemu ya gharama hiyo ililipwa kwa nauli za wazazi maskini waliosafirisha watoto kilomita mamia kwa mamia.

Aliyelala kitanda cha chini yangu alitoka delta. Bweni zima lilimwita Nahodha, kwa kuwa alijua kusoma maji kujaa na kupwa kama sisi tulivyosoma ratiba ya vipindi. Mimi nilibatizwa Mnyalu, jina ambalo watu wa pwani humpa kila atokaye Iringa. Likizo ya Juni mwaka uliofuata, nilipokosa nauli ya kurudi nyumbani, Nahodha alisema kwa mkato: "Mnyalu, twende kwetu." Tulipanda lori hadi Bungu, tukashika njia ya Nyamisati, na hapo tukasubiri maji yajae ndipo mashua iweze kuingia katika vijito vya mikoko.

Sikuwa nimewahi kuona nchi ya namna ile. Delta ya Rufiji ina zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko yote ya aina hiyo Afrika Mashariki. Boriti zake zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni karne nyingi kabla hatujawa na jina la Tanzania. Mama yake Nahodha aliitikia shikamoo yangu, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, na kesho yake alfajiri akanipeleka kwenye shamba la mpunga. Huko kulikuwa na dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji yapite chini, na kazi yangu ilikuwa kuamia ndege. Niliamia wiki tatu. Nilijifunza kutupa kombeo, kulala huku nikisikia viboko wakikoroma, na kula wali wa nazi kwa samaki mara mbili kwa siku. Siku ya kuondoka, mama alinifungia pishi tatu za mchele na kusema: "Mwanangu, ukija mara ya pili wewe si mgeni tena."

Sikwenda mara ya pili. Hapo ndipo mizizi ya lile neno "tu" ilipo.

Badala yake nilikwenda chuo kikuu, na huko jina la Kibiti lilianza kunilipa. Wiki ya kwanza sikuwa na kitanda. Mkongwe wa mwaka wa tatu, ambaye hakunijua kabisa, alinibeba katika chumba chake muhula mzima kwa sababu moja tu: alisoma Kibiti. Wasomaji waliopita vyuo vikuu vyetu wanajua maana ya kubebana: watu wawili kitanda kimoja, mmoja kichwa huku, mwingine kule. Miaka ilivyosonga, malipo yaliongezeka. Nilipohitaji barua ya utafiti katika ofisi moja ya umma, niliambiwa nirudi baada ya wiki mbili. Katika ukumbi wa ofisi hiyo nikakutana na mtu wa bweni la jirani, na barua ikatoka siku ileile. Nilifurahi. Nilimnunulia chakula cha mchana. Sikujiuliza ni nani aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni ile, wala alisoma wapi.

Mwanazuoni Benedict Anderson, katika kitabu chake Imagined Communities cha mwaka 1983, alizifananisha shule za kikoloni na vituo vya hija. Vijana wa pembe zote za koloni walikutana katika shule moja, kama ile ya William Ponty kule Senegal, na kwa kukutana kwao wakaanza kujiona watu wa nchi moja. Sisi tulikuwa na Tabora, shule iliyoanzishwa miaka ya 1920 hasa kwa ajili ya watoto wa machifu, ambamo baadaye walipita Julius Nyerere na Rashidi Kawawa. Ninawafundisha wanafunzi wangu hoja hii kila mwaka na bado naamini ni ya kweli. Bila bweni la Kibiti nisingekuwa Mtanzania wa namna niliyo leo.

Lakini hija ina upande ambao sisi mahujaji hatuutazami. Mji unaohijiwa una wenyeji wake. Mahujaji huja, husali, hununua kumbukumbu, kisha huondoka na jina la mji huo wakilitumia maisha yao yote. Wenyeji hubaki na maisha yao, na kwao jina hilo hulipiwa ushuru, huzikiwa wafu, na wakati mwingine huogopwa.

Katika miaka yangu miwili pale niliijua kengele ya shule, kibao cha bweni, na mama mmoja aliyetuuzia mihogo ya kukaanga kwa mkopo. Sikumjua mwenyekiti hata mmoja wa kitongoji. Sikujua kwamba wazee waliokuwa wakicheza bao kando ya barabara walikuwa na kumbukumbu ya Operesheni Rufiji ya miaka ya 1968 na 1969, pale wakulima wa bondeni walipohamishwa baada ya mafuriko na kupelekwa kwenye vijiji vya nchi ya juu, miaka kadhaa kabla ya operesheni ya vijiji ya nchi nzima. Sikujua kilimo cha mlau ni nini, yaani kupanda katika udongo unaoachwa na mafuriko yanapopungua, mpaka niliposoma maktabani, mbali kabisa na wale waliokuwa wakikilima.

Laiti ningewasikiliza, ningejifunza pia jinsi watu wale wanavyohesabu nani ni wao. Neno "Mrufiji" halikutokana na damu ya ukoo mmoja. Ni jina la watu wa bonde la mto, waliotoka pande nyingi na kukutana kwenye maji. Wapo Wandengereko, wapo Wanyagatwa wa delta, wapo Wamatumbi walioshuka kutoka vilimani, na wapo wengine ambao babu zao walifuata boriti na mpunga wakabaki. Ni kweli, ukikaa vibaya utaitwa mtu wa kuja hata baada ya miaka thelathini. Lakini aliyelima, aliyezika na aliyekesha dunguni huacha kuitwa hivyo, na hakuna anayekumbuka siku ilipotokea. Kwa kipimo hicho, mtu wa Kibiti ni yule aliyeshiriki mzigo wa Kibiti. Mimi nilishiriki wiki tatu.

Sasa nirudi mwaka 2017. Nahodha hakuendelea na chuo kikuu. Baba yake alifariki tulipomaliza kidato cha sita, akarudi nyumbani, na baadaye akaajiriwa kuwa mtendaji wa kijiji. Msomaji anaweza kukisia maana ya kazi hiyo katika mwaka ule na wilaya ile. Usiku mmoja wa mwezi Mei alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya chini. Aliniomba jambo moja: mkewe na watoto wawili wakae kwangu Dar es Salaam wiki chache, mpaka hali itulie. Yeye mwenyewe angebaki kazini.

Nilimwambia: "Nahodha, nitakupigia."

Nilikuwa na sababu. Nilikuwa na watoto wadogo. Katika mitaa ya Dar es Salaam mtu aliyetoka Kibiti alitazamwa mara mbili, na mwenye nyumba aliyempokea angeweza kuulizwa maswali. Zilikuwepo familia zilizolalamika kwamba ndugu zao walichukuliwa na hawakurudi. Niliyapima hayo yote siku mbili. Siku ya tatu nilipopiga simu, Nahodha aliniambia kwa upole kwamba mkewe na watoto wameshafika kwa shangazi yao Mbagala, na akanishukuru kwa kumkumbuka. Shangazi huyo, nilikuja kujua baadaye, alikuwa na chumba kimoja.

Wakati huo kundi letu la WhatsApp lilikuwa limepoa ghafla. Watu waliozoea kutuma picha za zamani na utani wa bwenini walinyamaza, na wachache walitoka kimyakimya. Hata tarehe 21 Novemba mwaka huo, alipotoweka Azory Gwanda, mwandishi wa Mwananchi aliyekuwa akiripoti mauaji yale kutoka Kibiti kwenyewe, na ambaye hadi leo hajapatikana, hatukuandika chochote. Tulikuwa humo maofisa wa Serikali, mawakili, madaktari na wahadhiri. Kila mmoja wetu, nadhani, alikuwa ameshaitunga moyoni sentensi yake ya "nilisoma tu kule".

Simlaumu mtu kwa kuogopa. Hofu ile ilikuwa na msingi. Ninachokihoji ni aina ya undugu tuliokuwa tumeujenga. Ulikuwa undugu wa kupata: kitanda, barua, zabuni, kadi ya mchango wa harusi. Ulipodaiwa kutoa, ulikosa wadhamini. Na undugu wa kupata peke yake, tukiuita kwa jina lake halisi, ni ukabila wenye cheti. Unamrukia mtu kwenye foleni kama ukabila unavyomrukia, tofauti yake ni kwamba unavaa tai ya shule badala ya kuongea kilugha.

Watumishi wa umma wanaosoma hapa wanajua ninachosema. Taifa lilituchanganya mabwenini ili tusiulizane "kwenu ni wapi?" Tukaishia kuulizana "umesoma wapi?", na swali hilo jipya likaanza kufanya kazi ya lile la zamani.

Wapo watakaosema kwamba mambo hayo ni ya kizazi chetu, na kwamba shule za kata zimeyamaliza. Ni kweli kwamba picha imebadilika sana. Shule za sekondari za Serikali zilikuwa takriban 1,200 mwaka 2005. Kufikia 2009 zilizidi 3,200. Mtoto wa delta wa leo, mara nyingi, husoma na watoto wa kata yake. Marafiki zake wa shule ndio majirani zake, ndio atakaolima nao, ndio watakaombeba akifa. Hilo ni jambo kubwa, nasi wenye vyeti vya bweni tusilidharau, maana undugu wa kutoa unaota kirahisi zaidi mahali watu wanapoonana kila siku.

Lakini nalo lina upungufu wake. Mwanafunzi anayemaliza kidato cha nne bila kukaa darasani na mtu wa mkoa mwingine hana wa kumpigia simu usiku wa Mei ulio mbali na kwao. Nahodha alikuwa nami, ingawa nilichelewa. Na sisi wa mbali, tukikosa rafiki hata mmoja wa delta, tutaendelea kuijua delta kwa habari za mauaji na mafuriko peke yake, halafu tuulize: "Watu wale wana nini?"

Mafuriko nayo yalikuja. Mwezi Aprili 2024 maji yalifunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na nchi nzima ikaingia katika mjadala kuhusu mvua, mto na bwawa la Julius Nyerere. Kundi letu lilizinduka. Michango ilipatikana haraka kuliko nilivyotarajia, kisha ukazuka ubishi: wengine walitaka fedha zikarabati kitu shuleni ili jina letu liandikwe ukutani, wengine walitaka zinunue mbegu na vyakula. Nilipendekeza tumuulize Nahodha. Alijibu kwa ujumbe mfupi: "Mbegu. Maji yakishuka watu watapanda." Hapo ndipo nilipouona mlau ambao nilikuwa nimeusoma tu.

Tulikwenda watatu kupeleka mzigo ule. Nilimkuta mama yake Nahodha amekuwa mzee sana, ameketi kwenye mkeka barazani. Nilimpigia magoti nikamwamkia. Alinishika mkono muda mrefu, kisha akauliza: "Mnyalu, umekuja kuamia ndege?" Watu wote walicheka. Mimi nilishindwa kucheka sawasawa.

Jioni, pembeni, nilimwambia Nahodha ukweli wa zile siku mbili. Alisikiliza mpaka mwisho. "Nilijua," akasema. "Ulikuwa na watoto ndani, Mnyalu. Hata mimi ningeogopa. Ila siku nyingine niambie 'naogopa', usiniambie 'nitakupigia'. Ungesema unaogopa, ningempigia shangazi usiku uleule." Kisha akaniuliza kama bado najua kutupa kombeo.

Nimelitafakari jibu lile kuliko makala nyingi za kitaaluma nilizozisoma. Hakunidai ushujaa. Alinidai ukweli utakaomsaidia kupanga. Ndiyo sababu ninawaomba wenzangu wa vikundi vya waliosoma pamoja, wa Kibiti na wa kwingineko, mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, tusiutumie undugu huu kumruka mtu kwenye foleni ya ofisi ya umma. Pili, kila tunapochangia, tuwaulize kwanza wale wanaoishi pale, maana wanajua kinachohitajika kuliko sisi. Tatu, msiba wa mji ule uwe msiba wetu hata pale unapokuwa hatari kuutaja. Waliouawa na waliopotea wakumbukwe kwa majina yao mezani petu, bila kuchagua ni wa upande gani.

Wiki iliyopita kijana wa mwaka wa kwanza alibisha hodi ofisini kwangu. Alisema anatoka kata moja ya delta, amesoma shule ya kata, amekosa mkopo, na ameambiwa kwamba mimi ni mtu wa Kibiti na ninafahamiana na watu. Alikuwa ameshika bahasha kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba kitu cha kuvunjika.

"Nilisoma Kibiti," nilimjibu. "Keti, mwanangu."

Nilimweleza kwamba sitampigia mtu simu ili jalada lake liruke majalada ya wengine. Uso wake ulianguka. Kisha tulifungua ile bahasha, tukakuta fomu yenye pengo mahali palipohitaji muhuri wa mtendaji wa kijiji, na barua ya rufaa iliyoandikwa haraka. Tulikaa saa mbili tukaiandika upya. Kuhusu muhuri, nilichukua simu nikampigia Nahodha, ambaye alimfahamu mtendaji wa kijiji hicho. Aliahidi kumweleza kijana njia ya kufuata. Kabla ya kukata simu aliniuliza mimi nitakwenda lini. Safari hii nilimtajia tarehe.